Historia ya Mrija wa Kioo Uongozao Ioni

Kioo ni mali ya zamani ya wanadamu, na ni nadra leo kupata nyumba isiyokuwa nacho. Twanywa maji kwa bilauri za kioo, twatazama nyuso zetu katika kioo, na twatia kioo madirishani ili mwanga uingie na vumbi libaki nje. Kwa sababu ya mazoea haya ni rahisi kudhani kwamba kioo kimekwisha kutufunulia tabia zake zote. Insha hii yakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo si kweli. Mwanzoni mwa karne ya 21 wataalamu wa Ujerumani na Japani walionyesha kuwa mrija mwembamba usiopitisha umeme, wa plastiki kwanza na wa kioo baadaye, waweza kuongoza chembe ndogo zenye umeme kutoka mlango wake mmoja mpaka wa pili, pasipo sumaku na pasipo waya. Jambo hilo ni la ajabu kwa lenyewe. Lakini la ajabu zaidi ni kwamba uongozi huo uliwezeshwa na ila ambayo mafundi wa mashine za ioni walikuwa wakiikimbia siku zote. Historia ya ila hiyo, na jinsi ilivyogeuka kuwa msaada, ndiyo tunayotaka kuisimulia.

Kabla ya kuendelea ni wajibu kueleza ioni ni nini. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini chenye umeme chanya kinachozungukwa na elektroni zenye umeme hasi. Umeme wa namna hizi mbili ukilingana, atomu haielemei upande wowote. Lakini atomu ikinyang'anywa elektroni moja au zaidi, umeme chanya huzidi, na atomu hiyo huitwa ioni. Ioni nyingi zikisukumwa pamoja katika njia moja hufanya mwale. Msomaji na akumbuke sheria mbili tu, maana kisa chote kimesimama juu yake. Kwanza, vitu vyenye umeme wa namna moja husukumana, na vyenye umeme wa namna mbalimbali huvutana. Pili, ioni ni kama mtu aliyeporwa: ikikaribia kitu chochote chenye elektroni hutamani kujilipa, na ikishapata elektroni za kutosha si ioni tena.

Kioo na ioni vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Mwaka wa 1857 Heinrich Geissler, mpulizaji wa kioo aliyefanya kazi katika mji wa Bonn, alitengeneza mirija ya kioo iliyotolewa hewa karibu yote, na Profesa Julius Plücker akaitumia kuchunguza umeme unavyopita katika hewa hafifu. Geissler alikuwa mzaliwa wa Thuringia, nchi ya misitu ya Ujerumani ambako kupuliza kioo kulikuwa kazi ya jadi. Mirija ya namna hiyo ikaenea, na mwaka wa 1886 Eugen Goldstein, katika mji wa Berlin, akafanya jambo dogo lenye matokeo makubwa: alitoboa matundu katika katodi, yaani bamba la upande hasi wa umeme, akaona mwanga ukitokea nyuma ya matundu hayo. Akaiita miale hiyo miale ya mifereji, kwa sababu ilipita katika vijifereji alivyovitoboa. Mwaka wa 1898 Wilhelm Wien alikuwa ameonyesha, kwa kuipinda kwa sumaku na umeme, kwamba miale hiyo ni chembe zenye umeme chanya. Hizo ndizo ioni. Kwa hiyo miale ya ioni ilipojulikana mara ya kwanza katika maabara ilijulikana kwa kupita mferejini, na jina lake la utotoni lilitokana na mfereji.

Katika mirija ya Geissler kioo kilikuwa chombo tu, kazi yake kuzuia hewa ya nje. Mara nyingine kilipewa kazi ngumu zaidi. Mwaka wa 1909 Ernest Rutherford na Thomas Royds, katika chuo kikuu cha Manchester, walitaka kuthibitisha kuwa chembe za alfa zitokazo katika vitu vya mnururisho ni heliamu iliyopokonywa elektroni zake. Walihitaji mrija wenye ukuta mwembamba hata chembe za alfa ziupenye, lakini imara hata gesi isivuje. Mpulizaji wa kioo Otto Baumbach aliwapulizia mrija ambao ukuta wake haukufika sehemu moja ya mia ya milimita, nao ukastahimili uzito wa hewa. Chembe zikapenya, zikakusanyika katika mrija wa nje, na baada ya siku chache rangi za heliamu zikaonekana. Majina ya Rutherford na Royds yanajulikana vitabuni. Jina la Baumbach hutajwa na wachache. Tunalitaja hapa kwa kuwa ukuta ule mwembamba utarudi tena mbele ya kisa chetu.

Sasa tuitazame ila yenyewe. Kioo hakipitishi umeme. Vitu vya jamii hiyo wataalamu huviita vihami. Mwale wa ioni ukiangukia chuma, umeme wake hukimbilia ardhini mara moja na mambo huishia hapo. Ukiangukia kihami, umeme hubaki pale pale ulipotua, kwa kuwa hauna njia ya kuondokea. Ioni zinazofuata huukuta umeme uliowatangulia, nao ni wa namna moja na wao, basi husukumwa kando. Mwale ulionyooka asubuhi hupinda adhuhuri, na mpimaji hushindwa kujua vipimo vyake vina thamani gani. Kwa sababu hiyo mafundi wa mashine za ioni walijifunza kukificha kila kihami nyuma ya chuma, mwale usikione. Kihami kilichojaa umeme kilikuwa adui wa nyumbani.

Wakati huo huo haja ya mwale mwembamba ilikuwa ikikua. Wataalamu wa viumbe walitaka kujua kila sehemu ya seli hufanya kazi gani, na njia moja ya kujua kazi ya kiungo ni kukidhuru kiungo hicho peke yake na kutazama kinachopungua. Mwaka wa 1912 Sergei Chakhotin alianza kuzichoma seli kwa mwale mwembamba wa mwanga wa urujuanimno. Mwaka wa 1953 Raymond Zirkle na William Bloom wa chuo kikuu cha Chicago walitoa habari za kupiga sehemu za seli moja moja kwa mwale wa protoni. Njia iliyo rahisi ya kupata mwale wa namna hiyo ni kuzuia mwale mpana kwa bamba na kuacha kijitundu kidogo. Lakini njia hiyo ina hasara, maana karibu ioni zote hupotea juu ya bamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Harwell, nchini Uingereza, walifanikiwa kuukusanya mwale wa protoni kwa lenzi za sumaku zenye ncha nne hata ukafika upana wa mikromita chache. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una upana wa mikromita 50 hadi 100 hivi. Njia ya sumaku ni nzuri na ingali inatumika, lakini yataka vyuma vizito, umeme usioyumba na mikono yenye subira ya kuvipanga.

Katika chuo kikuu kile kile cha Chicago palikuwa na ustadi mwingine ambao hakuna aliyefikiri kuuhusisha na ioni za mashine. Mwaka wa 1949 Gilbert Ling na Ralph Gerard walipima umeme wa misuli ya chura kwa sindano za kioo zenye ncha ndogo kuliko mikromita moja. Sindano ya namna hiyo hufanywa kwa kupasha moto katikati ya mrija wa kioo mpaka ulainike, kisha kuuvuta huku na huku. Kioo hurefuka, huwa chembamba, hukatika, na kila kipande hubaki na mdomo mpana upande mmoja na ncha kali upande wa pili, mfano wa faneli ndefu. Baadaye zikatengenezwa mashine za kuvuta, na kazi ikawa ya dakika moja. Kwa mirija ya namna hiyo Erwin Neher na Bert Sakmann, mwaka wa 1976 huko Göttingen, walipima umeme upitao katika mlango mmoja tu wa ngozi ya seli, na mwaka wa 1991 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Basi katika Chicago ya miaka ile mrija wa kioo uliochongoka ulikuwa katika maabara moja na mwale wa protoni katika nyingine. Ilipita nusu karne kabla ya viwili hivyo kukutanishwa, nao hawakukutanishwa Chicago.

Njia ya kukutana ilianzia mahali pengine. Katika miaka ya 1990 Yasunori Yamazaki na wenzake nchini Japani walikuwa wakipitisha ioni katika vijitundu vyembamba vya chuma. Ioni iliyopungukiwa elektroni nyingi ikipita karibu na ukuta wa chuma huvuta elektroni kwa pupa, nazo hukaa mbali na kiini, hata atomu ikawa na watu barazani na hali vyumba vya ndani vitupu. Wataalamu walitaka kuzichunguza atomu hizo. Ilikuwa ni jambo la kawaida kuuliza: je, ukuta ukiwa wa kihami itakuwaje?

Swali hilo lilijibiwa mwaka wa 2002 na Nikolaus Stolterfoht na wenzake, katika taasisi ya Berlin iliyoitwa wakati ule Hahn-Meitner. Walichukua utando wa plastiki wa jamii ya ile itengenezwayo chupa za maji, unene wake mikromita 10, wenye vijitundu vyenye upana wa nanomita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya mikromita. Kila kijitundu kilikuwa na urefu mara 100 ya upana wake. Vijitundu vya namna hii hufanywa kwa kupiga utando kwa ioni nzito zendazo mbio, kisha kuziosha njia zake kwa dawa kali mpaka zifunguke. Ioni zilikuwa zimechimba mifereji ambayo ioni nyingine zingepita. Wakapeleka ioni za neoni zilizonyang'anywa elektroni 7 katika 10 zake, zenye nguvu ya elektronivolti 3,000. Kisha wakauinamisha utando.

Hesabu ya maumbo yasema kwamba kijitundu cha kadiri ile kikiinamishwa zaidi kidogo ya nusu digrii, mwale ulionyooka hauwezi kupenya. Kila ioni lazima iupige ukuta, na ioni inayopiga ukuta hupata elektroni zake na kupoteza uioni wake. Lakini utando uliinamishwa digrii kadhaa na ioni ziliendelea kutoka. Tena zilitoka zikifuata mwelekeo wa kijitundu, wala si mwelekeo zilioingia nao, na nyingi zilikuwa bado zimepungukiwa elektroni zile zile 7. Maana yake hazikuugusa ukuta. Zilipinda kona na ukuta hazikuugusa.

Maelezo ya jambo hili ndiyo ile ila tuliyoitaja. Ioni za kwanza ziliupiga ukuta karibu na mlango, zikaacha umeme wao hapo. Kihami hakikuuachilia. Haba na haba hujaza kibaba: umeme uliongezeka mpaka ukawa na nguvu ya kuzisukuma ioni zilizofuata, zikaelekea katikati ya njia pasipo kufika ukutani. Hakuna mtu aliyepima wala kupanga umeme huo. Mwale wenyewe ulijitengenezea mwongozo wake kwa gharama ya ioni zilizotangulia. Tena kipimo hujirekebisha. Umeme ukipungua, ioni kadhaa huufikia ukuta na kuujazia. Ukishatosha, ioni hupita salama. Hata hivyo kiasi kinatakiwa. Kihami kisichovuja hata kidogo chaweza kujaa umeme kupita kadiri, mlango ukafungwa na mwale ukakatika. Kinachovuja mno hakipati umeme wa kuongozea. Mwaka wa 2012 wataalamu wa Vienna walilithibitisha jambo hili kwa kukipasha moto mrija wa kioo. Kioo cha moto hupitisha umeme zaidi kuliko cha baridi, na kwa kadiri joto lilivyozidi ndivyo uongozi ulivyopungua.

Mwaka mmoja baada ya jaribio la Berlin, yaani 2003, habari nyingine ilitoka Japani, katika chuo kikuu cha teknolojia cha Kochi, kisiwa cha Shikoku. Nebiki, Narusawa na wenzao walichukua mrija wa kioo uliovutwa kwa mashine kama ile ya wataalamu wa seli, wakaupitishia ioni za heliamu zenye nguvu ya mamilioni ya elektronivolti. Mwale ukaingia mdomo mpana na kutokea katika ncha, umekusanyika kuliko ulivyoingia. Hapo ndipo sindano ya 1949 ilipokutana na mwale wa 1953. Ncha ya mrija ilikuwa ndogo hata hewa haikuweza kuingia kwa wingi wa kuharibu ombwe la mashine, na kwa hiyo mwale uliweza kutolewa nje na kuelekezwa juu ya kitu kilichowekwa mezani katika hewa ya kawaida.

Mwaka wa 2006 Ikeda, Yamazaki na wenzao wa taasisi ya RIKEN, karibu na Tokyo, waliutumia mrija wa umbo lile kwa ioni za mwendo wa polepole. Walipeleka ioni za arigoni zilizonyang'anywa elektroni 8, zenye elektronivolti 8,000. Mrija ulikuwa na urefu wa sentimita 5, mdomo wake milimita 0.8 na ncha yake mikromita 24. Mwale uliotoka ulikuwa mzito kiasi cha mara 10 kuliko ulioingia. Msomaji apendaye hesabu ataona kuwa eneo la mdomo ni mara 1,100 hivi ya eneo la ncha. Kama kila ioni ingetoka, mwale ungalikuwa mzito mara 1,100. Kwa kuwa ulizidi mara 10 tu, basi katika kila ioni 100 zilizoingia ilitoka moja hivi. Na bado hiyo ni faida, maana kijitundu cha kawaida chenye upana ule ule kisingezidisha kitu.

Hapa haki yatutaka tutenganishe mambo mawili ambayo mara kwa mara huitwa kwa jina moja. Ioni ya arigoni ya jaribio la 2006 ilikwenda kilomita 200 hivi kwa sekunde. Ioni ya heliamu yenye elektronivolti milioni 2 huenda karibu kilomita 10,000 kwa sekunde. Ya kwanza hugeuzwa na umeme uliotulia ukutani. Ya pili ina nguvu mno. Umeme ule kwake ni kama upepo mwanana kwa mshale. Iligusapo ukuta wa kioo kwa pembe ndogo sana, hugongana na atomu za kioo na kurukia mbele, kama jiwe bapa alilorusha mtoto juu ya maji ya utulivu, na mara nyingine hupoteza sehemu ya nguvu yake. Nyingine nyingi hupita moja kwa moja bila kugusa kitu. Umbo la mrija ni moja, lakini kazi ya ukuta si moja. Atakayeandika kwamba mrija wa kioo huongoza ioni zote kwa umeme wake atakuwa amechanganya Berlin na Kochi, na wanafunzi watakaomsoma watatafuta umeme mahali usipokuwa na kazi.

Tunda lililosubiriwa tangu Chicago lilipatikana mwaka wa 2008. Seli hai huishi katika maji. Ioni huhitaji ombwe. Vitu hivyo viwili havikai nyumba moja. Iwai na wenzake, wa kundi lile la RIKEN, waliziba ncha ya mrija kwa kiwambo chembamba sana cha kioo. Maji hayakuweza kuingia, lakini ioni za mwendo wa kasi zilipenya kiwambo na kutokea upande wa pili. Katika maji ioni za namna hiyo husafiri mikromita chache tu, kisha husimama. Kwa hiyo ncha iliweza kuchovywa majini na kuelekezwa chini ya hadubini mpaka kwenye sehemu waliyoichagua ya seli, na madhara yakaishia katika nafasi ya mikromita chache kila upande. Waliiita kazi hiyo upasuaji wa seli. Karibu miaka 100 ilikuwa imepita tangu Baumbach apulize ukuta mwembamba wa kupitisha heliamu na kuzuia gesi. Na sasa ukuta wa namna ile ulikuwa umewekwa katika ncha ya sindano, kupitisha ioni na kuzuia maji.

Isidhaniwe kwamba mrija wa kioo umezifukuza lenzi za sumaku. Wanaotaka mwale mwembamba kabisa wa ioni za kasi wangali wakizitegemea sumaku, na mirija ina matatizo yake: ncha huvunjika, umeme hujaa kupita kiasi, na ioni zilizogongana na ukuta hutoka zikiwa zimetawanyika. Mrija una sifa ya wepesi. Gharama yake ni ndogo, hufanywa kwa muda mfupi, na ukivunjika huvutwa mwingine. Maabara isiyo na mali nyingi, iliyo na mwale wa ioni na mashine ya kuvutia kioo, yaweza kufanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya wachache.

Kuna desturi ya kuisimulia historia ya sayansi kana kwamba kila aliyetangulia alijua atakayemfuata. Kisa hiki hakiruhusu. Goldstein hakutoboa katodi ili miaka 116 baadaye, katika mji ule ule wa Berlin, ioni zipinde kona katika plastiki. Ling na Gerard walikuwa wakishughulika na chura. Waliopima mwale na kuukuta umepinda kwa sababu ya kihami walikasirika, wakakifunika kwa chuma na kuendelea na kazi yao, na walikuwa na haki, maana kazi yao ilikuwa nyingine. Kundi la Berlin halikuwa na akili kuliko hao wote. Lilitofautiana nao kwa jambo moja: liliuweka ukuta wa kihami mbele ya mwale kwa makusudi, likaona matokeo yasiyolingana na matarajio, na badala ya kuyahesabu kuwa uharibifu wa kipimo likauliza ni nini kinachozuia ioni zisipate elektroni zake. Umeme waliouona ukutani ulikuwa ule ule uliowasumbua mafundi kwa miaka mingi. Siku hiyo tu uliulizwa swali, nao ukajibu.